Aliyeniuliza Jina Kwenye Kichaka cha Makaburi

Usiniamini ukipenda, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, nikiwa na akili zangu timamu.

Nyuma ya kambi kuna kichaka kidogo cha makaburi ya wenyeji. Kinalindwa tangu zamani. Kina miti midogo na maua ambayo kwingine kote yamekwisha, na hakuna anayevunja hata kijiti cha mswaki. Jirani yetu, Papa Rehema, aliingia akakata, akachoma makaa, akapeleka kuuza mjini, Chilinde. Walinzi wa kijiji walipokuja kuuliza, akamnyooshea kidole mdogo wangu Bahati: "Njo huyu alikata." Bahati akafungwa gerezani Dowa. Unafikiri nililala? Nilimchukia yule mzee mpaka chakula kikawa kichungu mdomoni.

Jioni moja, jua bado linaonekana, nilikuwa natoka kumwona Bahati, napita kando ya kichaka nikilia. Sauti ya mwanamke ikanisalimia kutoka ndani. Wenyeji wanajua: ukisalimiwa kutoka mle, unanyamaza na kupita. Sisi wakimbizi wa Uvira nani alituambia? Kwetu kutojibu salamu ni dharau. Nikapiga magoti kama wanawake wa hapa, nikajibu kwa lugha yao, "Zikomo, mama."

Akatokea. Niamini, hakuwa na kidole hata kimoja. Vyote vilikatwa, na hapakuwa na damu, ni utomvu mweupe tu ukidondoka. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa: "Nani alinikata?"

Mwingine angekimbia. Mimi nilimtajia Papa Rehema kwa jina lake la ubatizo, nikaongeza na la baba yake.

Asubuhi yake mzee aliamka vidole vimekakamaa, vikavu kama kuni. Alikwenda mwenyewe kwa chifu, akalia, akakiri, na Bahati akaachiwa. Siku hizi mzee anaishi Mtandire, kule Lilongwe, mkewe anamlisha nsima, ugali wa hapa. Watu wa kanisa wananiambia nimwonee huruma. Huruma ipi? Sina.

Lakini yule mama hajaniacha. Nikipita pale jioni anasimama ukingoni, anangoja nimtajie mwingine. Kwa hiyo nakuonya: usikate mle hata kijiti. Na wewe ambaye mpaka leo unamwita mdogo wangu mwizi wa miti, chunga ulimi. Jina lako ninalijua, na njia yangu ni ile ile.