Samaki wa Mwisho na Mtunzaji Wake

Mtunza samaki huvua viatu mlangoni, kama mtu anayeingia kusali. Ndani, kati ya matangi ya vioo, hunong'ona tu, na kabla ya kutia mkono majini huuosha kwa maji matupu hadi kiwikoni, kwa kuwa sabuni ni sumu kwa samaki. Ziwa walikotoka limekauka. Wa aina yake amebaki jike mmoja, mdogo kama kidole gumba, naye amebeba vitoto mdomoni, hali kitu. Basi mtunzaji naye hali mbele yake. "Nitamtamanisha bure," husema, na kwenda kutafuna mkate wake nje.

Siku moja mjane wa kaka yake alimletea chai. Alipoliona koti la marehemu mumewe mgongoni mwa shemeji yake, akaangua kilio. Mtunzaji alimshika bega. "Lia, shemeji, lakini polepole. Huyu akishtuka sana, huvimeza vyote."

Mjane akajiziba mdomo kwa mtandio. "Nimeshamshtua?"

"Sijui. Tungoje."

Wakangoja wamesimama, mjane akiomba kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mwishowe jike akafunua mdomo, na vitoto vikatoka, vyembamba kama nyuzi, kila kimoja na macho yake.

"Ee Mola wangu!" mjane akapaza sauti. Papo hapo vitoto vikarudi mbio mdomoni, na mdomo ukafumbwa.

"Mungu nisamehe! Amevimeza?"

Mtunzaji aliinamia kioo, akatazama mashavu ya samaki yakitikisika taratibu.

"Hapana, shemeji. Amevificha."