Karatasi ya Damu Niliyojifanya Naielewa

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Kwihara: mzee aliyekuwa akiniletea asali amefariki. Wasomaji wangu wa gazeti mmenizoea kwa tanzia, lakini hii inanishinda kuandika, kwa sababu nami nina hatia.

Alikuwa mfugaji nyuki na mzee wa kanisa ambaye pombe hakuwahi kuionja. Mwaka jana miguu ilianza kumfa ganzi, ulimi ukawa unamuuma, na akitembea anayumba. Watu wakasema mzee kaanza kunywa. Maneno yalipofika kanisani, akaombwa apumzike uzee wa kanisa. Hakubisha; Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Baadaye mwaka huohuo alipima damu mjini, akapita kwangu na karatasi ya majibu. Nilimwamkia, akaitikia, akaninyooshea ile karatasi. "Wameniambia nirudi Jumatatu kwa daktari, lakini miguu hii hainifikishi. Wewe ni mtu wa kusoma, mwanangu. Zinasemaje hizi namba?" Niliona alama za juu na za chini kando ya tarakimu, nisielewe hata moja. Nikaona aibu kukiri. "Damu imepungua kidogo, mzee. Kula mchicha, itapanda." Akaikunja karatasi, uso umemchangamka. Jumatatu hakwenda.

Msibani, mpwa wake ambaye ni daktari aliisoma karatasi ile. Damu ilikuwa imepungua sana, akasema, na chembe nyekundu zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Ukijumlisha na ganzi na kuyumba, mtu anafikiria upungufu wa vitamini B12, anaagiza kipimo kingine, na ikithibitika anaanza sindano. Mchicha hauna vitamini hiyo. Na tumbo likishindwa kuifyonza, hata nyama haisaidii. Moyo wake ulichoka kusukuma damu hafifu.

Nilimfuata mjane wake jikoni kumpa pole. "Alikula mchicha kila siku, baba," akaniambia. "Alikuwa anasema mtu wa gazeti kamsomea vizuri." Nikamwambia, "Mama, ile karatasi sikuielewa." Akaendelea kuchambua mchele.

Tunaojua kusoma tunaaminiwa kwa mengi tusiyoyajua. Majibu ya damu husomwa na aliyesomea, mgonjwa mwenyewe akiwa mbele yake. Ningesema "sijui, mzee, twende wote Jumatatu," angefika kwa daktari. Jumatatu ile nilikuwa na nafasi.