Kamba Haikutikisika Mara Mbili

Naitwa Kabula, nakaa Katoro. Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki kumdanganya mtu kwamba imekwisha. Kuna mzee mmoja, mwenye ufukwe, anawaambia wateja wake kwamba siku ile nilizama kwa sababu nilikuwa nimelewa. Sijawahi kuonja pombe maishani. Nilichokunywa siku ile ni maji yake.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kuchungulia kompyuta za watu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nafunga mlango, naondoka, narudi kuujaribu, naondoka, narudi tena. Barua ya mteja naisoma na kuisoma mpaka mteja mwenyewe ananinyang'anya. Kwa hiyo kaka yangu Luhende, ambaye ni mchimbaji wa dhahabu, aliposema kwamba yeye na wenzake wanakwenda ziwani Jumapili kukimbia joto, sikwenda kichwakichwa. Wiki nzima nilitazama video za kuogelea kwenye simu. Nilitumbukiza uso kwenye beseni nikajifunza kutoa pumzi taratibu. Mama alinikuta nimelowa hadi kifuani.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "hilo beseni halina hata kambale. Unaogopa nini?"

Joto lenyewe mnalijua, lile la kabla ya mvua, bati linalia tangu asubuhi. Na sisi watu wa nchi kavu tukiona maji akili zinaruka. Maji tunayoyajua ni ya lambo la ng'ombe, au yale yanayojaa kwenye shimo la dhahabu lililoachwa. Yamelala hapo. Hatukufundishwa kwamba kuna maji yanayotembea.

Tulipofika nilimfuata mwenye ufukwe kabla sijavua hata ndala.

"Shikamoo baba. Maji yakoje leo?"

"Marahaba. Maji ni maji, binti. Ingieni mjipoze."

"Hakuna kina?"

"Hapo watoto wanaoga kila siku. Au umekuja kunihoji?"

Wenzake Luhende wakacheka. Mmoja akasema, "Dada huyu angekuwa mgodini, tungemaliza mwaka mzima hatujaingia shimoni." Nami nikaona aibu, nikavua ndala. Lakini niliuliza. Naomba mlikumbuke hilo.

Nyuma ya mzee yule mitumbwi ilikuwa imevutwa juu hadi kwenye majani, mchana kweupe. Baadaye ndipo nilipojua maana yake: wavuvi wa mwalo wa jirani, pale wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, walikuwa wameona ziwa linachafuka, wakaacha kutoka. Kila mtoto wa pale huisoma mitumbwi hivyo. Sisi tulipanda ndani yake tukapiga picha. Na mbele yetu, chini ya maji, kulikuwa na handaki. Mzee alikuwa amechota mchanga palepale kujengea vibanda vya wageni. Alijua lilipo, maana ni yeye aliyelichimbisha.

Kwa kuwa naogopa, Luhende alinifunga kamba kiunoni, kamba yao ya kushukia duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu. Mimi nilikubali kwa furaha. Wachimbaji wana sheria moja kuhusu kamba, na hawaifanyii mzaha. Aliye chini akitaka kupanda, anaitikisa mara mbili. Asipotikisa, aliye juu havuti, kwa sababu ukimvuta mtu hajajiandaa unamgonga kwenye magogo ya ukuta. Luhende amewahi kuona mkono wa mwenzao ukivunjika hivyo.

"Mara mbili," akaniambia. "Usipotikisa, sikuvuti. Kimya maana yake unaendelea na kazi."

Niliingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yakanifika kiunoni, nikageuka nikawapungia mkono. Wimbi likanisukuma, likarudi likanivuta nyuma yake, na mguu uliofuata haukukuta kitu.

Watu hudhani anayezama hupiga kelele. Hapigi. Kila nilipofungua mdomo kuita, maji yaliingia kwanza. Pua iliwaka kama nimevuta pilipili. Mikono ilikuwa inayakandamiza maji yenyewe, bila mimi kuiamuru, kama mtu anayetafuta ngazi. Kamba nilikuwa naiona, ya kijani, imelegea mbele ya uso wangu. Sikuweza kuishika. Akili ilikuwa inajua kabisa, tikisa mara mbili, lakini mikono haikuwa yangu tena. Nilijikojolea. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Na kaka yangu alikuwa amesimama pale, kamba mkononi, ananitazama. Alikuwa anangoja ishara.

Aliyeniokoa ni mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa upande wa mwalo, Mama Bahati. Mimi sikumsikia, nimesimuliwa.

"We kijana, vuta!"

"Hajatikisa, mama."

"Atatikisa na nini, mjinga wewe? Anakufa huyo! Vuta!"

Walinivuta kama gunia. Halafu wachimbaji wawili wakaninyanyua miguu juu, kichwa chini, wakanitikisa ili maji yatoke. Hayo ndiyo tuliyokuzwa nayo. Kilichotoka ni makande ya asubuhi, na mengine yakarudi kooni. Nilikohoa mwenyewe, nikavuta pumzi, nikalia. Mwenye ufukwe akaja, akaniangalia, akasema, "Mpeni soda, atakaa sawa." Akarudi kuongeza sauti ya muziki.

Hakuuliza hata jina langu.

Nami nikaamini nimepona. Nilitembea mwenyewe hadi kwenye gari. Nilijiambia, mtu anayetembea hawezi kwenda kumsumbua daktari. Nyumbani Mama alinipaka samli kifuani. Shangazi akasema ziwa lina wenyewe, limenikataa, tupeleke kitu cha kuwatuliza. Kesho yake nilikuwa natetemeka kwa homa. Kila nikikohoa yalitoka mapovu yenye rangi ya damu iliyopauka, na kila pumzi ilinichoma ubavuni kama sindano ya gunia. Luhende aliona midomo yangu imebadilika rangi. Hakubishana na mtu. Alinibeba mgongoni hadi kwenye bajaji, tukaenda hospitali.

Daktari, mama mmoja mkali, alinisikiliza mgongoni.

"Ulizama lini?"

"Jana."

"Na umekuja leo? Maji na matapishi yameingia kwenye mapafu. Nani aliwaambia anayetembea amepona?"

Nilifungwa mpira wa oksijeni puani, nikachomwa sindano hadi mishipa ikajificha. Nilishindwa kulala chali. Mama alinifuta na kunigeuza kama mtoto mchanga, nami nikaona haya mpaka haya yenyewe yakachoka. Luhende alikuja kila siku, akasimama mlangoni, haingii.

"Nilikuwa nahesabu, Kabula," akasema siku moja. "Ilitikisika mara moja, ikatulia. Nikasema unafurahia."

Hasira yangu sikumpa yeye. Alifuata sheria iliyomlinda kila siku ya maisha yake. Ilikwenda kwa aliyejua lilipo handaki.

Homa iliposhuka, nesi alinipa chupa ya maji na mrija. "Puliza, mapovu yatoke. Mapafu yafunguke." Siku ya kwanza lilitoka povu moja, nikazirai kidogo. Nilipuliza asubuhi, mchana, jioni, kwa usahihi wangu ule wa kuudhi, mpaka nesi akaniambia, "Dada, pumzika, hakuna mtihani." Lakini kifua kilifunguka.

Nilipopata nguvu nilichora kibao, nikakipeleka kwa mzee. Kina nafasi ya kuandika kwa chaki kila asubuhi: upepo, mawimbi, handaki lilipo, leo muingie au msiingie. Hakukishika.

"Unataka kunifukuzia wateja?"

"Nataka warudi kwao wazima, baba."

Mama Bahati alikichukua, akakisimika kwenye mwalo wao, mahali ambapo kila anayekwenda ufukweni lazima apite. Wavuvi ndio wanaosema hali ya ziwa, mwanawe Bahati anaandika.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na nesi wa mapovu, na mama yangu. Mama Bahati, wabeja sana. Na nyinyi wenzangu wa nchi kavu: waulizeni wavuvi, si mwenye muziki. Mkiona mitumbwi imevutwa juu mchana, kaeni nje hata kama joto linawaua. Msimning'inize mtu kichwa chini. Aliyemeza maji apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea, hata kama anacheka.

Juzi nilirudi na Luhende, asubuhi, kibao kikisema ziwa limetulia. Akanifunga kamba ileile. Nikamwambia sheria ya huku ni nyingine: nitaimba, na nikinyamaza, uvute. Niliimba hadi maji yakanifika magotini. Hapo nikanyamaza kidogo tu, nilikuwa nayatazama maji.

Akavuta. Nilianguka chali, matako yakasota mchangani, wanawake wa dagaa wakacheka hadi wakashika mbavu. Sikumkemea.