Jogoo Aliyekwenda Mugango

Jamani, tangu siku ile nikipita karibu na kanisa letu pale Manyamanyama naonaga mpaka mabenchi yananicheka. Acha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanakwaya, maana wale wanaongezaga chumvi.

Mama mkwe alikuja kutoka Mugango, na hakuja kusalimia tu. Alikuwa amesikia (kwa nani sijui, ila namshuku mume wangu) kwamba mjukuu wake Magesa, mwenye miaka miwili na nusu, akinyimwa kitu anajitupa chini, anapiga mateke na kulia mpaka pumzi inakata. Hata chai hajamaliza, akaniambia, "Mama Magesa, nikimwona anafanya hivyo, Jumatatu naondoka naye. Huku mjini mmemdekeza." Moyo ulinipasuka. Mwenyewe ninaye huyo huyo mmoja!

Basi nikaapa Magesa halii, iwe isiwe. Shida ni kwamba Jumapili ilikuwa ya mavuno na nilishaahidi kutoa jogoo, na jogoo wetu ni mmoja tu, Kamanda, rafiki wa Magesa, wanakulaga ugali sahani moja. Asubuhi nikampa jirani ampeleke kanisani kimya kimya. Mtoto kuamka, "Kamanda wapi?" Mdomo ukanitangulia: "Kaenda Mugango kumlindia bibi nyumba." Akatulia. Bibi mwenyewe akaniangalia, akaendelea kufunga kilemba chake. Mimi nikajiona nina akili kweli.

Ibadani sadaka zikaanza kupita mbele, mahindi, mihogo, viazi, mara jirani huyo na Kamanda mikononi. Na Kamanda, sijui shetani gani alimwingia, akawika.

"Kamandaaa!" Magesa akaniponyoka, mbio mpaka madhabahuni, akamkumbatia jogoo na kujitupa naye chini. Nikamfuata huku najichekesha, nikamvuta mtoto, mtoto akamvuta jogoo, jogoo akanichapa bawa la uso, nikarudi kinyumenyume nikakalia beseni la mayai ya sadaka. Yote! Kwaya ikakatika. Magesa, kamasi zinamtiririka, akapaza sauti kanisa zima likasikia: "Mama, umesema kaenda kwa bibi!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatoka na sketi inachuruzika, mtoto ananipiga mateke, nikakaa nyuma ya kanisa nikalia kumshinda yeye. Nilijua ndio nimeshampoteza.

Baada ya ibada vile vitu vikapigwa mnada, kama kawaida yetu, na nikamwona mama mkwe anakuja, Kamanda kwapani. Kumbe kamnunua! Akachuchumaa mbele ya Magesa. "Mume wangu, kesho naenda naye Mugango, anilindie nyumba. Ukija kunisalimia utamkuta." Magesa akajifuta kamasi, akamshika jogoo kichwa.

Mimi akaniambia taratibu, "Leo mtoto hajadeka. Kadanganywa, hata mimi ningejitupa chini. Abaki na wewe. Ila huo uongo nimeulipia ukawa kweli, wa pili utaulipia mwenyewe."

Jumatatu akaondoka, Kamanda anachungulia kwenye kikapu. Magesa akampungia mkono, wala hakulia. Aliyelia ni mimi.

Siku hizi pipi zikiisha namwambiaga zimeisha. Anajitupa chini, hata kama ni sokoni, nami nakaa pembeni yake mpaka amalize. Ila kwanza naangalia kama hapo ninapokaa hakuna mayai.