Msimulizi wa Ijumaa

Fundi cherehani wa Ikonge ni Mkatoliki. Kwamboka, jirani yake, ni Msabato, na tamthilia waliyoipenda wote wawili ilirushwa kwenye runinga Ijumaa jioni, Sabato ikiwa imeshaingia. Kwa hiyo kila Jumamosi, jua likishazama, Kwamboka alikwenda dukani kusimuliwa. Fundi alikuwa akitoa pini mdomoni, kisha anaigiza sauti zote, ya mjane, hata ya mbwa.

Halafu stesheni ikaisimamisha tamthilia. Watazamaji walikuwa tele, ila wenye matangazo walitaka watu wa kununua magari. "Sisi tunanunua chumvi," fundi alisema.

Jumamosi iliyofuata miguu ya Kwamboka ilimpeleka kwa mazoea. Fundi akamtazama, akatoa pini mdomoni.

"Keti, dada. Jana yule mjane amerudi kwake."

Jana hakikurushwa kitu. Kwamboka akashukuru kimoyomoyo, akavuta kigoda.

"Na mbwa je?"