Mzizi wa Kahawa, Pingili ya Muhogo

Siku ya kwanza kitaluni Mkumbi, kule milimani, nilipewa miche ya kahawa yenye vichwa kama njiti za kiberiti, niihamishie kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya udongo. Mimi ni wa Liuli, kando ya ziwa. Nilichojua ni muhogo: unakata pingili, unachomeka, unaenda zako. Basi nikachomeka.

Bwana Shamba Hyera akang'oa mche mmoja. Mzizi ulikuwa umepinda kama ndoana.

"Mama, muhogo ukiuchomeka kombo unakusamehe. Kahawa itanyamaza miaka mitatu, itachanua, itazaa, halafu itakufa na mzigo mgongoni."

"Mwache, Bwana Shamba," akasema Agnes Kapinga, wifi yangu, aliyenitafutia kazi ile. "Alidhani inaliwa na dagaa."

Nikajifunza. Maua ya muhogo hata mwenye shamba hayatazami. Kahawa ikiguswa na mvua, mlima mzima unakuwa mweupe na kunukia. Lakini muhogo tunachimba mzizi tukala. Wa kahawa nani anauona? Kuutunza huo usioonekana ndiyo ilikuwa kazi yetu.

Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda mlimani na mizani yao, chama cha ushirika kilichoendesha kitalu kikalegea, viriba havikuletwa tena. Bwana Shamba Hyera akahamishwa. Siku ya kuondoka aliniita peke yangu.

"Miche hii imepitiliza muda kwenye viriba, mizizi imejikunja ndani. Choma yote. Usimpe mtu."

Kesho yake Agnes akaja na tenga. Alikuwa mjane.

"Wifi, unachoma mali, na mwanangu Skola anataka sekondari?"

Miche ilikuwa ya kijani, inapendeza macho. Nikampa, nikanyamaza. Aling'oa muhogo wake wote kuipisha.

Mwaka wa tatu shamba lake lilichanua hadi wapita njia wakasimama. Matunda yalipoanza kujaa, majani yakageuka manjano. Agnes aling'oa mti mmoja, akauleta, akaulaza mlangoni pangu.

"Ulijua?"

"Nilijua, wifi."

Skola hakwenda sekondari.

Mvua zilizofuata nilishuka Liuli nikarudi na mzigo wa pingili za muhogo. Agnes alizipokea, akazichomeka mwenyewe, kombo kombo, mimi nimesimama kando.

Sasa nimestaafu, nipo huku ziwani, na wajukuu mnauliza kwa nini mtu wa kitalu hana hata mti mmoja wa kahawa. Zile pingili ziliota zote. Agnes, mpaka tunamzika, hakuniita tena wifi.