Nyuzi Bapa

Bendi yetu haina gitaa la besi, kwa hiyo sauti nzito tunaipiga kwa nyuzi nene za gitaa la kawaida, mimi na mpiga gitaa mwenzangu kwa zamu. Nyuzi zangu zimeviringwa waya wa duara. Zinakwaruza vidole kama tupa, na nikihamisha mkono zinapiga mluzi. Zake zimeviringwa utepe bapa, laini kama mgongo wa kijiko. Hazivumi. Zinatua tu, puu, kama mkungu wa ndizi ukianguka juu ya nyasi za kibanja cha migomba, na wanawake wa Kashozi walioketi zamu yangu nzima huinuka kucheza. Kabla ya kuanza, mwenzangu hutafuna buni za kahawa za kuchemsha, nami hunigawia mbili kwa mikono miwili, kana kwamba jukwaa ni sebule yake na mimi ni mgeni wake.

Nikaagiza nyuzi bapa Kampala. Alasiri ya dansi la sikukuu ya Malkia wa Uingereza nikazifunga, na kwa kuwa zake zilikuwa zimekatika, nikampa zangu kuukuu huku nikicheka moyoni. Nilitangulia mimi. Mluzi ulitoweka, papara yangu ikabaki. Mchumba wangu Clotilda akawa anatazama viatu vyake. Kisha akapanda mwenzangu. Alizigusa zile kuukuu kwa nyama ya kidole, akihama kwa kuinua mkono bila kuuburuta. Puu.

“Kumbe nyuzi mpya ulimpa yeye?” akaniuliza Clotilda, keshavua viatu apate kucheza.